Umenunua Kisu au Kioo?

Ilikuwa Jumamosi alasiri, katika wiki ya mwisho ya Desemba, wakati ambapo mafundi cherehani hawalali kwa kuwa wazazi wote hukumbuka kwa mara moja kwamba Januari i mlangoni na watoto hawana sare. Mke wangu alikuwa ameiacha cherehani yake kwa nusu saa tu, apate kukata boga la chakula cha jioni. Kisu alichokishika nilikinunua mimi mwenyewe, na hakikuwa kimetimiza miezi miwili nyumbani. Kiling'aa kama fedha, na ubavuni kilipigwa chapa ya kuthibitisha kwamba ni stenlesi. Boga lilikuwa gumu, kisu kilikuwa butu. Mama watoto akakiegemea kwa uzito wake wote. Kisu kikateleza juu ya ganda, kikaishia katika kiganja cha mkono wake wa kushoto.

Zahanati walimshona nyuzi sita. Lakini hasara iliyo kubwa zaidi ilikuja baadaye. Kwa wiki mbili hakuweza kushika kitambaa, na katika wiki hizo mbili ndimo yalimokuwa mapato yake makubwa ya mwaka. Alilazimika kuwarudishia wateja vitambaa vyao pamoja na fedha walizokwisha kutanguliza. Nilipopiga hesabu niliona kwamba kisu nilichojisifu kukipata kwa bei ya chini kimetugharimu kuliko chombo kingine chochote kilichomo jikoni mwetu.

Mama yangu mzazi, aliyekuja kumwona mgonjwa, alikiokota kisu kile, akakigeuza huku na huku, akajitazama uso ndani yake. "Mwanangu," aliniuliza, "ulinunua kisu au kioo?"

Sikuwa na jibu. Swali hilo ndilo lililonitoa nyumbani kwenda kutafuta maarifa, na ndilo ninalopenda tulizungumze leo, ndugu msomaji. Hakuna nyumba isiyo na kisu, na wengi wetu hatuna uwezo wa kununua visu vya bei kubwa. Je, katika hivyo vya bei ya chini, twaweza kukitambua kilicho bora?

Sumaku na tupa

Nilikichukua kisu changu pamoja na kisu cha zamani cha mama, kile cheusi kilichofuliwa na mhunzi kutokana na springi ya gari, nikavipeleka kwa mzee mmoja aliyefanya kazi ya vyuma katika karakana kwa maisha yake yote. Hakusema neno. Alitoa sumaku mfukoni, akaigusisha kwenye kijiko cha chai. Haikunata. Akaigusisha kwenye kisu changu, ikanata. Kisha akachukua tupa, akaipitisha polepole kwenye makali ya kisu cha mama. Tupa iliteleza, ikakwaruza kidogo tu. Alipoipitisha kwenye kisu changu, iliuma mara moja, na unga wa chuma ukamwagika mezani.

"Unaona, kijana wangu," alisema, "kijiko na kisu vyote ni stenlesi, lakini si ndugu wa tumbo moja. Na hiki chako ni laini. Kitakaaje na makali?"

"Kwa hiyo, mzee, nimeuziwa kitu bandia?"

"Si bandia. Hakishiki kutu, kama walivyokuahidi. Hakuna aliyekuahidi kwamba kitakata."

Maneno hayo yana uzito. Jina stenlesi ni jina la ukoo mzima wa vyuma, wala si la chuma kimoja. Vijiko, sufuria na masinki mengi hutengenezwa kwa aina iitwayo 18/8 au 18/10, yaani yenye asilimia 18 ya madini ya kromi na asilimia 8 au 10 ya nikeli. Aina hiyo hustahimili kutu vizuri sana, lakini hata ukiichoma moto na kuizamisha katika mafuta haiwi ngumu. Haifai kwa makali. Kwa kawaida sumaku haiinati aina hiyo, au huinata kwa udhaifu. Chuma cha kisu, kinyume chake, sharti kivutwe na sumaku. Hata hivyo, kuvutwa na sumaku si cheti cha ubora, maana zipo pia stenlesi laini zinazovutwa. Sumaku yaweza kukuonyesha kisu kisichofaa. Haiwezi kukuhakikishia kinachofaa.

Mvutano wa mali mbili

Wazee wetu waliita chuma kigumu kwa jina la pua, na kile kilicho bora kabisa, cha panga za thamani, wakakiita feleji. Siri ya pua ni kaboni, mali ile ile iliyomo katika makaa. Chuma kikichanganywa na kaboni kidogo, kisha kikapashwa moto na kupozwa kwa ghafla, huwa kigumu. Kadiri kaboni inavyoongezeka, kwa kiasi chake, ndivyo kisu kinavyoweza kushika makali kwa muda mrefu zaidi. Kisu cha mama kina kaboni ya kutosha. Ndiyo maana kinakata. Lakini hakina kinga, na ukikiacha usiku kucha na maji ya ndimu, asubuhi utakikuta kimevaa kutu.

Kinga hiyo huletwa na kromi. Ikifikia kadiri ya asilimia 10.5 na kuendelea, kromi hujenga juu ya chuma utando mwembamba mno usioonekana kwa macho, unaoizuia kutu. Na utando huo ukikwaruzwa hujiunga wenyewe upya. Visu vingi vya stenlesi huwa na kromi ya asilimia 12 hadi 15, na baadhi huzidi hapo.

Tatizo ni kwamba kaboni na kromi hupendana. Kaboni ikiwa nyingi huikamata sehemu ya kromi na kuifunga ndani ya chembe ngumu, na kromi iliyofungwa haiwezi tena kulinda kutu. Hivyo mtengenezaji wa kisu cha bei nafuu hana budi kuchagua: azidishe makali na kupunguza kinga, au azidishe kinga na kupunguza makali.

Mvutano huu si wa leo. Mwaka 1913, katika mji wa Sheffield nchini Uingereza, Harry Brearley alikuwa akitafuta chuma cha mitutu ya bunduki kisicholika upesi. Alipata pua yenye asilimia 12.8 ya kromi na asilimia 0.24 ya kaboni, akaona kwamba haishiki kutu. Mafundi wa visu wa mji huo hawakuipokea kwa furaha. Waliiunguza na kuipoza kwa desturi walizozizoea, ikawashinda, na inasimuliwa kwamba walimdhihaki Brearley kuwa ndiye aliyevumbua visu visivyokata. Hatimaye Ernest Stuart, msimamizi katika kiwanda kimoja cha visu mjini humo, alifaulu kupata namna ya kuifanyia kazi. Kisu changu, basi, kilirudia dhihaka iliyokwisha kutimiza zaidi ya miaka mia moja.

Ngazi tatu za bei nafuu

Visu vya bei ya chini na ya kati vinavyouzwa siku hizi twaweza kuvipanga katika ngazi tatu, kwa kufuata kiasi cha kaboni. Ugumu wake hupimwa kwa kipimo cha Rockwell: ncha ya almasi hugandamizwa juu ya chuma, na kadiri inavyozama kidogo ndivyo namba inavyokuwa kubwa.

Ngazi ya kwanza ni ya pua zenye kaboni ya asilimia 0.3 hivi na kromi ya asilimia 13 hivi. Wajapani huiita 420J2, Wachina huiita 3Cr13. Hizi ni jamaa wa karibu wa ile pua ya Brearley. Zikitengenezwa vizuri hufikia ugumu wa 50 hadi 54. Sifa yake ni kwamba hazishiki kutu kwa urahisi, hazivunjiki ovyo, na hata mtoto wa shule aweza kuzinoa. Kasoro yake ni kwamba makali hukimbia upesi. Mtu anayeparua samaki kutwa kucha kando ya bahari, mikono ndani ya maji ya chumvi, aweza kufurahi na kisu cha ngazi hii, mradi kinoo kiwe karibu naye.

Ngazi ya pili ina kaboni ya asilimia 0.5 hivi. Hapa ndipo ilipo 5Cr15MoV ya Wachina, 420HC ya Wamarekani, na ile ya Wajerumani iitwayo X50CrMoV15, au kwa namba 1.4116. Ugumu wake huwa kati ya 55 na 58. Msomaji asidhani kwamba hizi ni pua za kudharauliwa kwa kuwa si ghali. Viwanda maarufu vya Solingen, mji wa visu wa Ujerumani, huitumia 1.4116 kwa visu vyao vya jikoni, na Victorinox ya Uswisi pia. Hushika makali kwa kiasi cha kuridhisha, huvumilia ndimu na nyanya, na hunoleka kwa kinoo cha kawaida. Kwa jiko la mfanyakazi, hii ndiyo ngazi ninayoipendekeza.

Ngazi ya tatu ina kaboni ya asilimia 0.6 hadi 0.8. Humo imo 12C27 ya Waswidi, AUS-8 ya Wajapani na 8Cr13MoV ya Wachina. Ugumu wake huwa 57 hadi 60. Makali yake hudumu zaidi, lakini hudai subira wakati wa kunoa. Tena hiyo 8Cr13MoV, yenye kaboni ya asilimia 0.8 na kromi ya 13 tu, hupata madoa ya kutu upesi kuliko wenzake. Kwetu sisi wa pwani, ambako hata hewa ina chumvi, kisu cha aina hiyo hakifai kwa mtu mwenye tabia ya kuacha vyombo vichafu hadi asubuhi. Waswidi walijaribu kuupatanisha ule mvutano wa kaboni na kromi kwa kutengeneza 14C28N, ambayo ina kaboni ya asilimia 0.62, kromi ya asilimia 14, na naitrojeni kidogo. Naitrojeni huongeza ugumu bila kuinyang'anya pua kinga yake kama kaboni inavyofanya. Ukikipata kisu cha aina hiyo kwa bei unayoiweza, usisite.

Unga mmoja, maandazi mawili

Hapa ndipo yule mzee alipokazia zaidi. Alisema kwamba jina la pua ni nusu tu ya habari. Wape wanawake wawili unga wa mfuko mmoja, sukari moja na mafuta ya chupa moja. Mmoja ataleta maandazi yaliyoumuka, mwingine ataleta mawe. Kwa visu mambo ni hayo hayo. Pua ya kisu hupashwa moto hadi kufikia kadiri ya nyuzi joto 1,000 au zaidi kidogo, ikapozwa kwa ghafla, kisha ikapashwa tena kwa moto mdogo, aghalabu nyuzi 150 hadi 200, ili ipunguziwe wepesi wa kuvunjika. Moto ukipungua, pua hubaki laini, ukizidi, huharibika.

Mfano mzuri ni kampuni ya Buck ya Marekani, ambayo imejijengea jina kubwa kwa visu vya 420HC, pua isiyo ghali hata kidogo, kwa sababu huifikisha kwenye ugumu wa 58 hivi kwa moto uliopimwa vyema. Kisu cha 420HC kilichopikwa sawasawa kitakishinda kisu cha pua bora kilichochomwa kwa haraka na fundi asiyejali.

Liko na jambo la umbo. Ubapa mwembamba hukata vizuri kuliko ubapa mnene, hata kama pua ni ile ile. Visu vingi vinavyovutia macho kwa unene na uzito wake huipasua nyanya badala ya kuikata.

Unapokuwa dukani

Kwanza, soma chapa. Neno stenlesi peke yake halikuambii lolote kuhusu makali. Wala maneno ya molibdeni na vanadi yasikutishe: hayo ni madini yanayotiwa kwa kiasi kidogo sana, la kwanza husaidia kupambana na kutu na la pili hulainisha chembe za pua, lakini hayasemi kaboni ni kiasi gani. Tafuta jina kamili. Katika majina ya Kichina, tarakimu ya kwanza ni kaboni kwa sehemu za kumi za asilimia: 3Cr13 ina 0.3, 5Cr15 ina 0.5, 8Cr13 ina 0.8. Tarakimu zinazofuata Cr ni kromi. Katika majina ya Kijerumani, X50 maana yake ni asilimia 0.50 ya kaboni. Ukijua hilo tu, umekwisha kumzidi muuzaji mwenyewe.

Pili, jihadhari na chapa ya 440 isiyo na herufi. Ziko tatu: A ina kaboni ya asilimia 0.60 hadi 0.75, B ina 0.75 hadi 0.95, na C ina 0.95 hadi 1.20. Asiyeandika herufi mara nyingi hakukusudia kukupa C.

Tatu, ukiona 18/10 kwenye ubapa wa kisu, kirudishe. Hicho ni kijiko kilichonyooshwa.

Nne, omba kujaribu. Shika ukurasa wa gazeti kwa mkono mmoja, na hata huu utafaa ukiisha kuusoma, upitishe kisu kutoka ukingoni. Kisu chema hukata kwa mstari ulionyooka, kibaya huchana. Jaribio hili hukuonyesha makali ya leo tu, si ya mwezi ujao. Lakini kisu kisichoweza kukata karatasi siku ya kununuliwa kitakata nini baadaye? Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Na ukikifikisha nyumbani

Kisu kizuri chaweza kuuawa kwa wiki moja. Usikatie juu ya sahani, sinki wala sakafu ya saruji, tumia ubao. Kioshe na ukikaushe kila umalizapo, hasa ukikata ndimu, nyanya au samaki wa chumvi, kwa maana stenlesi hupunguza kutu, haiifuti. Usikiloweke usiku kucha.

Usingoje hadi kiwe butu kabisa ndipo ukinoe. Lowanisha kinoo, ulaze kisu, kisha inua mgongo wake kidogo: kwa ubapa wenye upana wa sentimita 4, inua kiasi cha sentimita 1 hadi 1.4, na udumishe mwinamo huo mwanzo hadi mwisho, pande zote mbili. Asiye na kinoo apindue kikombe cha kauri. Ule ukingo mkwaruzo wa kitakoni, usiopakwa rangi wala mng'ao, hurudisha makali kwa dharura.

Ndugu zetu wanoaji wapitao mitaani na jiwe la kuzungusha juu ya baiskeli ni watu wa manufaa makubwa. Waombe tu wasikandamize kisu kwa muda mrefu mahali pamoja, na wakipoze mara kwa mara kwa maji. Makali yakigeuka rangi ya kahawia au ya buluu, joto limekwisha kuiharibu kazi ya moto wa kiwandani, na sehemu hiyo itakuwa laini mpaka itakaponolewa yote iishe.

Ndugu msomaji, wapo wanaoamini kwamba kisu butu ni salama kwa kuwa hakikati. Tazama kiganja cha mke wangu. Kisu kikali huenda pale unapokielekeza kwa nguvu kidogo; kisu butu hudai nguvu nyingi, na nguvu nyingi ikiteleza haichagui boga wala mkono. Kwa hiyo kuchagua pua si jambo la majivuno ya jikoni. Ni ulinzi wa vidole vinavyoilisha nyumba.

Kidonda kimepona, ingawa kovu limebaki, na cherehani inalia tena. Nyumbani sasa tuna visu viwili. Kimoja ni kile cheusi cha mama, cha mihogo na mifupa, ambacho hupakwa mafuta kidogo baada ya kukaushwa. Cha pili ni kisu chembamba chenye chapa ya 5Cr15MoV, kisichopendeza sana kwa sura, nilichokinunua kwa bei iliyozidi kidogo ya kile cha kwanza. Mama alipokuja tena alikipitisha kwenye nyanya iliyoiva, kikazama bila kusukumwa. Akakiinua usawa wa uso, akajitafuta ndani yake, asijione vizuri.

"Hiki," akasema, "ni kisu."

Tukijaaliwa, tuonane Jumapili ijayo.